Barua ya Wazi kwa Wathibiti Ubora wa Shule: Ripoti Isomwe Mbele ya Wenye Watoto

Kwa Waheshimiwa Wathibiti Ubora wa Shule wa Tanzania, walioko wilayani, kanda na makao makuu,

Nawaomba mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo pengine lingefaa kusemwa faraghani. Lakini kwa kuwa nimekwisha kulisema faraghani mara tatu, na kila mara nikajibiwa kwa upole na adabu, kisha nisione badiliko lolote, nimeona heri niliseme mbele ya watu, ili wengine walio katika hali kama yangu, nao si haba, walitie nguvu au walisahihishe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilishika chaki mwaka 1981 nikaiweka chini mwaka 2014, na tangu hapo nimekuwa mjumbe, kisha mwenyekiti, wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mwambao ambacho sitakitaja jina, maana sikusudii kumtia mtu yeyote aibuni. Nimepata kuwapokea wakaguzi nikiwa mwalimu wa darasa, nikawapokea nikiwa mwalimu mkuu, na sasa nawapokea nikiwa babu mwenye wajukuu watatu madarasani.

Niruhusuni nianze na siku moja. Habari ya ujio wa wageni ilitufikia Jumapili jioni, na asubuhi ya Jumatatu, kabla jua halijachomoza vizuri, watoto walikuwa wamekwisha kuja na ndoo kumwagia maji uwanja usitimke vumbi. Vitabu vilivyokuwa vimefungiwa kabatini vikatolewa vikapangwa juu ya madawati. Walimu, ambao baadhi yao hawakupata usingizi usiku ule, walikuwa wakimalizia kuandika maandalio ya masomo ya majuma mawili yaliyopita. Na mtoto mmoja wa darasa la 3, mwenye kigugumizi, akaambiwa akakae dawati la nyuma. Gari liliegeshwa chini ya mwembe saa 3. Wageni wakaingia ofisini wakaomba maazimio ya kazi, maandalio, madaftari ya mahudhurio, mihtasari ya vikao na hesabu za ruzuku; wakapita madarasani, kila darasa kitambo kidogo; wakahesabu matundu ya vyoo; na ilipofika saa 8 mchana nikapigiwa simu nije nitie sahihi yangu, nikawakuta wamekwisha kusimama, kwa kuwa walikuwa na shule nyingine ya kuwahi. Mama mmoja auzaye maandazi penye lango, mwenye watoto wanne katika shule ile, aliniuliza gari lilipokuwa likiondoka, "Mwalimu, wale walikuwa kina nani?" Nikamweleza kwamba ni maafisa wa serikali waliokuja kutazama jinsi watoto wetu wanavyofundishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nami nilikuwa hapa tangu alfajiri."

Ripoti ya siku ile sijaiona mpaka leo.

Sisemi haya kwa kuwalaumu nyinyi nafsi zenu. Najua uchache wenu na wingi wa shule, najua gari moja linavyogombaniwa na mafuta yanavyohesabiwa, na najua kwamba aghalabu mthibiti huandika ripoti yake usiku, nyumbani kwake, kwa mwanga wa taa yake mwenyewe. Hofu niliyoieleza hapo juu hamkuizua nyinyi. Mmeirithi, kama sisi tulivyoirithi. Uingereza ilipoajiri wakaguzi wake wa kwanza wa shule mwaka 1839 ilikusudia kujua fedha ya umma inatumikaje, na tangu mwaka 1862, kwa muda wa miaka kama 30, mkaguzi akawa ndiye aketiye mbele ya mtoto mmoja mmoja kumpima kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akishindwa, fedha ya shule ikapunguzwa. Mtindo huo wa mkaguzi ashikaye kalamu kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono wa pili ulivuka bahari, ukafika Tanganyika, ambako shule za misheni zilipata msaada wa serikali kwa masharti ya kukaguliwa. Walakini hata wakati ule walikuwako walioona mbali. Waraka wa siasa ya elimu kwa makoloni ya Afrika, uliotolewa London mwaka 1925, uliagiza kwamba wakaguzi wazuru shule mara kwa mara bila ya haraka, wasizihukumu kwa matokeo ya mitihani peke yake, na wawape walimu nasaha ya kirafiki. Miaka mia imekwisha kutimia, na mimi katika miaka yangu 33 ya ualimu nilipata kuonana na mkaguzi asiye na haraka mara moja tu, naye nitamtaja baadaye.

Katika *Elimu ya Kujitegemea*, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jamaa moja ya walimu na wanafunzi iliyo sehemu ya jamii inayoizunguka, na wanafunzi wenyewe wawe na kauli katika mambo yanayowahusu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaziwekea shule kamati na bodi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao sote tuliuita MMEM, ulipoanza mwaka 2002, kamati zikakabidhiwa fedha na ujenzi, nami nakumbuka wajumbe wasiojua kusoma wakihesabu mifuko ya saruji kwa kufunga mafundo katika kamba, na hesabu zao zikalingana na za stakabadhi. Kisha likaja badiliko lenu wenyewe: jina la ukaguzi likaachwa, mkawa wathibiti ubora, na kiunzi cha mwaka 2017 kikataja maeneo sita ya kutazamwa shuleni, tangu ufaulu wa wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi na mazingira, hata eneo la sita, ambalo ni ushirikishwaji wa jamii.

Eneo hilo la sita ndilo linaloniandikisha barua hii. Mnaipima shule kwa jinsi inavyowashirikisha wazazi, mnaipa alama, mnaandika maoni. Ilhali kipimo chenyewe kinafanyika kwa kusoma mihtasari ya vikao ofisini. Muhtasari utasema kwamba mkutano wa wazazi ulifanyika na wazazi 140 walihudhuria. Hautasema kwamba wazazi wale waliketi juani saa mbili wakisomewa matangazo, wala kwamba mzazi mmoja aliuliza habari ya fedha ya uji akaambiwa swali lake litajibiwa katika mengineyo, na mengineyo hayakufika. Mwenye kutaka kujua kama jamii inashirikishwa hana njia nyingine ila kuiendea jamii yenyewe akaiuliza.

Sasa niwaambie habari ya mkaguzi yule asiye na haraka. Alikuwa mama mtu mzima, alikuja kwetu nilipokuwa mwalimu mkuu, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuingia ofisini. Alikwenda darasa la 2, akaketi juu ya mkeka pamoja na watoto, akamwomba mvulana mmoja amsomee. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikiwa marahaba, akasoma ukurasa mzima bila ya kukwama, hata mwalimu wake akatabasamu. Yule mama akaufunika ukurasa kwa kiganja chake. Mtoto akaendelea kusoma vilevile. Hakumkaripia, wala hakumgeukia mwalimu kwa jicho. Alimwambia, "Mashallah, mwanangu, umeihifadhi kama juzuu. Haya, sasa nionyeshe neno *mnazi* liko wapi." Mtoto akatafuta kwa kidole chake muda mrefu, na mama yule akamngojea muda wote ule, asimsaidie wala asimharakishe, mpaka kidole kikatua palipo sawa. Ndipo akamwuliza, kama mtu aulizaye habari za nyumbani, "Na mvua ikinyesha, nyinyi hukaa wapi?" Mtoto akajibu, "Kwa kina kaka." Kaka gani? "Wa darasa la nne."

Kwa jibu hilo moja ikajulikana jambo ambalo halikuandikwa katika jalada lolote la shule: kwamba paa la darasa la 2 lilivuja, na kila masika watoto wale walihamia darasa la 4, wakafundishwa madarasa mawili katika chumba kimoja, walimu wawili wakipokezana ubao, kwa muda wa miezi mitatu hivi ya kila mwaka. Mimi sikuwa nimeliandika. Nilikuwa nimeomba mabati mara tatu nikakata tamaa, na tangu hapo nikalizoea jambo lile kama mtu anavyozoea maumivu ya goti. Mkaguzi mwenye kufuata majalada angalitazama matokeo ya darasa la 2, akaandika kwamba mwalimu aongeze juhudi. Mwalimu yule alikuwa na juhudi tele. Alichokosa ni paa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni la watoto. Waulizeni, na waulizeni vizuri, maana mtoto wa kwetu amelelewa asimjibu mtu mzima ila kwa lile linalompendeza. Msiwasimamishe darasani mbele ya mwalimu wao mkawauliza kama anawafundisha vema. Mtoto gani atajibu la? Chukueni watano au sita, mketi nao kivulini mahali ambapo sauti haifiki ofisini, msiandike majina yao, na wasichana wakubwa wawe na mwanamke wa kuzungumza naye, kwa kuwa mambo ya choo na ya mwezi hayasemeki mbele ya mwanamume. Bora zaidi, waambieni wawatembeze. Mtoto ambaye hana maneno ya kueleza atawaonyesha bomba analokunywa, pembe anayoogopa kupita, mti ambao watoto waliochelewa hupigishwa magoti chini yake. Na yule mwenye kigugumizi aliyekalishwa dawati la nyuma, awe katika kundi hilo. Kisha, na hili nawasihi kwa ikhlasi yote, mtakapozungumza na walimu juu ya mliyoyasikia, yachanganyeni yasijulikane yametoka kinywani mwa nani, kwa kuwa nyinyi mtaondoka na gari saa 8, na mtoto atabaki.

Kwa upande wa wazazi, tatizo la kwanza ni saa. Barua za serikali huita mikutano saa 4 asubuhi, nayo ni saa nzuri kwa mtu wa ofisi. Lakini katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa hiyohiyo, na hapo ndipo akina mama wa mwani wanapoingia baharini kufunga na kuvuna kamba zao, na wanaochokoa pweza nao wanapotoka na mijiti yao kwenda mwambani. Siku za bamvua ni chache katika mwezi, na anayezikosa amekosa fedha ya daftari na sare. Mkutano wa saa 4 katika siku kama hizo huwapata wazee, wenye maduka na wajumbe wa serikali ya kijiji, ambao kauli zao zimekwisha kujulikana. Waulizeni watu wa mahali kabla hamjapanga ratiba. Kwetu saa inayofaa ni baada ya sala ya alasiri, na siku inayofaa ni ile ya maji mafu. Katika vijiji vya bara watawaambia habari ya palizi na ya gulio.

Tatizo la pili ni adabu zetu wenyewe. Mgeni hasimuliwi shida za nyumba. Mkisimama mbele ya wazazi mkauliza kama wanaridhika na shule yao, mtajibiwa kwa sauti moja kwamba wanaishukuru serikali, na mtaandika kwamba wazazi wanaridhika, nanyi hamtakuwa mmesema uongo, ila hamtakuwa mmejua lolote. Ulizeni maswali yenye nyama. Jana mtoto wako aliporudi alikueleza nini? Daftari lake la hisabati ulilitazama lini mara ya mwisho, na ulipolitazama lilikuwa limesahihishwa? Alipougua, shule ilijua? Na akina mama, ambao kwetu huketi nyuma na huwaachia waume kusema, wapewe baraza yao peke yao, japo kwa nusu saa. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa, wazazi wengi wamejiona kwamba hawana tena haki ya kuuliza, kana kwamba asiyelipa hana kauli. Nao wanalipa bado, kwa kodi zao na kwa watoto wao. Mthibiti akimwuliza mzazi kwa heshima amemrudishia haki hiyo papo hapo, bila ya hotuba.

Juu ya walimu nitasema machache, kwa kuwa wao wanajua kujisemea. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani akitazamwa kwa dakika 15, kisha akaombwa andalio la somo na asiambiwe neno lolote, ataishi na dakika zile mwaka mzima. Mpeni faragha ya robo saa baada ya kipindi, mwanzeni kwa kumwuliza yeye aonaje somo lilivyokwenda, na mmwambie jambo moja alilolifanya vema na moja la kulitengeneza. Msidhani kwamba uzito wa neno la mkaguzi ni mdogo. Katika Uingereza chombo kiitwacho Ofsted, kilichoundwa mwaka 1992, kilikuwa kikiifungia shule nzima katika hukumu ya neno moja au mawili, mpaka Januari 2023 mwalimu mkuu mmoja wa mji wa Reading alipojitoa uhai baada ya shule yake kukaguliwa na kupewa daraja la chini kabisa. Na mwezi Desemba mwaka huohuo uchunguzi wa kisheria ukathibitisha kwamba ukaguzi ule ulichangia kifo chake. Hukumu za neno moja zikaondolewa Septemba 2024. Huko wazazi huulizwa maoni yao kwa intaneti, na chombo kilikuwa na kila aina ya fomu, na bado binadamu mmoja akakosa wa kumsikiliza.

Nafika sasa kwenye ripoti, ambayo ndiyo kiini cha haja yangu. Mnajua kuliko mimi kwamba nyinyi ni watu wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na shule zetu zinaendeshwa na halmashauri zilizo chini ya TAMISEMI. Anayeliona paa linavuja siye mwenye fedha ya mabati, na mwenye fedha ya mabati hakuliona paa. Ripoti hutoka kwenu ikaenda kwa mwalimu mkuu, ikaenda kwa mkurugenzi, na njiani humo mapendekezo hupoa. Mwalimu mkuu huhamishwa, afisa elimu huhamishwa, mthibiti huhamishwa, na jalada likabaki kabatini likiwa halina mwenyewe. Wasiohamishwa ni wazazi. Kamati ya shule, pamoja na upungufu wake wote, ndiyo peke yake itakayokuwapo mwaka wa tatu kuuliza mabati yalifika wapi. Lakini itaulizaje jambo ambalo haikuambiwa?

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla hamjaingia madarasani, ketini na kamati, wajumbe wote, si mwenyekiti peke yake wala si kwa ajili ya sahihi. Kabla hamjaondoka, waiteni walimu na kamati pamoja muwaeleze kwa mdomo mliyoyaona, mazuri na mabaya, ili pasiwe na mwenye kumhadithia mwenziwe. Na ripoti ikiisha kuandikwa, mmoja wenu arudi aisome katika mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili cha kawaida, si kile cha vifupisho. Na ukurasa mmoja wa muhtasari wake ubandikwe ubaoni nje ya ofisi, uandikwe kwa herufi kubwa: haya yameonekana, haya yatendwe, na fulani ndiye mwenye dhamana ya kuyatenda hadi mwezi fulani. Nimeambiwa kwamba jambo hili litaleta fitina, kwamba wazazi wataichukua ripoti wakampigia nayo mwalimu mkuu. Hatari hiyo ipo, siikatai, nami nimepata kuwa mwalimu mkuu. Lakini mwalimu mkuu anayetuhumiwa kwa uvumi hana ngao yoyote, na mwalimu mkuu ambaye ripoti imesomwa mbele ya watu, ikaeleza kwamba aliomba mabati mara tatu, ana ngao iliyoandikwa na serikali. Lau mwaka ule yule mama angalisoma ripoti yake mbele ya kijiji, nadhani wavuvi wetu wangaliezeka paa lile kabla ya masika kurudi, kama walivyojenga ofisi ya shule kwa mawe waliyoyavunja wenyewe. Liliezekwa baada ya miaka minne.

Mkiniambia kwamba muda hautoshi, nitasema zuruni shule chache zaidi kwa mwaka na mkae siku moja zaidi katika kila moja. Na kwa shule zisizofikiwa mwaka huo, Afisa Elimu Kata, ambaye yu karibu, asome japo ule muhtasari wa safari iliyopita na kuuliza umefika wapi. Gharama yake ni nauli na saa mbili.

Kamati yetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha darasa la 4. Tunawakaribisha wakati wowote, hata bila ya taarifa. Uwanja tutauacha na vumbi lake. Na nakala ya ripoti ya safari iliyopita, ikiwa ingali kabatini mwenu, tafadhalini mje nayo. Mama wa maandazi nimekwisha kumwomba aje, na nitamwekea kiti cha mbele.

Wasalaam,

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mstaafu